Kijitabu cha Porto Alegre

Tarehe 1 Januari 1989 Olívio Dutra aliapishwa kuwa meya wa Porto Alegre, mji mkuu wa jimbo la Rio Grande do Sul, kusini kabisa mwa Brazili. Alikuwa mfanyakazi wa benki na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mabenki, mtu aliyewahi kuwekwa ndani mwaka 1979 kwa ajili ya mgomo, na chama chake cha siasa, Chama cha Wafanyakazi, kilikuwa hakijatimiza hata miaka kumi tangu kizaliwe. Kwenye kampeni aliahidi kwamba mji utaongozwa pamoja na wananchi wake. Vitabu vya hesabu alivyokabidhiwa vilisema mengine: zaidi ya asilimia 95 ya mapato ya mji ilikuwa inaishia kwenye mishahara, kwa sababu utawala uliotangulia ulipitisha nyongeza kubwa ukiwa tayari umeshika kitasa cha mlango wa kutokea.

Nimefanya kazi ya mipango na bajeti kwenye halmashauri ya manispaa hapa Tanzania hadi nikastaafu. Kwa hiyo historia ya bajeti ya wananchi ya Porto Alegre siwezi kuianzia pale wengi wanapoianzia, kwenye kumbi zilizojaa watu walionyoosha mikono kupiga kura juu ya lami na mabomba. Naianzia kwenye hicho kiasi kilichobaki baada ya mishahara. Mtu aliyewahi kukaa na majedwali ya bajeti usiku wa kuamkia kikao cha madiwani anajua maana yake: ukishawalipa watumishi, ukanunua mafuta ya magari ya taka, ukalipa umeme wa taa za barabarani na kupunguza madeni, huna tena kitu cha kumuuliza mwananchi.

Kiu ya kuulizwa, hata hivyo, ilikuwapo miaka mingi kabla ya Dutra. Jeshi lilitwaa madaraka Brazili mwaka 1964 na kuyashikilia hadi 1985, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mameya wa miji mikuu ya majimbo hawakuchaguliwa, waliteuliwa. Ndiyo miaka ambayo watu wa mashambani walimiminika mijini kutafuta kazi, na ndiyo miaka ambayo serikali ya Porto Alegre iliamua kuwaondoa maskini katikati ya mji. Karibu na katikati palikuwa na mtaa uitwao Ilhota, wenye wakazi wengi weusi, uliokuwa ukijaa maji kila mvua kubwa iliponyesha. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1914 Lupicínio Rodrigues, mmoja wa watunzi wakubwa wa samba katika nchi ile. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 wakazi wa Ilhota na mitaa mingine ya aina hiyo walihamishiwa Restinga, zaidi ya kilomita 20 kuelekea kusini, mahali ambapo huduma za mji zilikuwa bado hazijafika.

Restinga haikuwa peke yake. Partenon, Lomba do Pinheiro, Glória, Cruzeiro, visiwa vilivyoko kwenye ziwa Guaíba, kote huko watu walijenga kwanza na kusubiri maji, umeme na barabara baadaye. Walianzisha vyama vya wakazi. Chama kimoja kinadai bomba, kingine kinadai basi lifike hadi mwisho wa mtaa, kingine kinapinga bomoabomoa. Mwaka 1983 vyama hivyo viliungana na kuunda shirikisho la mji mzima lililojulikana kwa ufupi kama UAMPA. Miaka miwili baadaye wakazi wa miji mikuu ya majimbo walipata tena haki ya kumchagua meya wao, na Porto Alegre ikamchagua Alceu Collares. Mwaka 1986, akiwa bado madarakani, UAMPA ikaliweka dai lake wazi: wakazi wanataka kuwa na sauti pale fedha za mji zinapogawanywa, maana hapo ndipo mambo yote mengine yanapoamuliwa.

Nalitaja hili kwa kusudi. Habari nyingi zilizoandikwa kuhusu Porto Alegre humpa meya na chama chake heshima yote, kana kwamba waliwafungulia mlango watu waliokuwa wamelala. Dai la bajeti lilitolewa na wakazi wenyewe miaka mitatu kabla Dutra hajaingia ofisini. Na hatukuwa mbali nao sana kihistoria. Hapa kwetu serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, mamlaka za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha zote kuanzia 1984. Watu wa pande zote mbili za Atlantiki walikuwa wanajifunza upya kudai mambo kwa ofisi iliyo karibu nao.

Mwaka wa kwanza wa Dutra ulikuwa mgumu kupita kiasi. Serikali yake iliugawa mji katika maeneo matano, ikaitisha mikutano. Viongozi wa vyama vya wakazi wakaukataa mgawanyo huo. Maeneo yalikuwa makubwa mno, na yaliwachanganya watu wasiokuwa na usafiri wala historia ya pamoja. Baada ya mazungumzo yakawa maeneo 16, yakifuata namna vyama vyenyewe vilivyozoea kukutana. Kisha orodha za mahitaji zikaanza kuingia: lami, mifereji, maji taka, shule, zahanati, hati za viwanja. Zilizidi kwa mbali chochote ambacho mji ungeweza kulipia. Juu ya hayo, serikali iliingilia kati uendeshaji wa kampuni binafsi za mabasi, hatua iliyoleta mgogoro na gharama ambazo mji haukuzitarajia. Mwaka ukaisha, kilichojengwa hakionekani. Mwaka 1990 mikutano ilipoitishwa tena, waliofika walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia.

Hesabu waliyopiga wakazi naielewa vizuri. Mama anamwachia jirani watoto, anapanda basi akitoka kazini, anakaa kwenye benchi la darasani hadi usiku, anaeleza shida ya mtaa wake mbele ya watu, jina lake linaandikwa. Mwaka unazunguka na matope ni yaleyale. Anarudi kufanya nini?

Kilichouokoa mpango ule ni kodi, na sehemu hii husimuliwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni jambo la aibu. Katiba mpya ya Brazili ya Oktoba 1988 iliipa miji sehemu kubwa zaidi ya mapato ya taifa na ya majimbo, na hilo lilisaidia. Lakini Porto Alegre haikukaa kungoja mgawo. Kodi ya majengo ilipangwa upya ili mwenye jumba la thamani kubwa alipe kwa kiwango cha juu kuliko mwenye nyumba ya vyumba viwili Restinga. Thamani za majengo zilizokuwa zimepitwa na wakati zilihuishwa. Ada za mji zilirekebishwa, na ukusanyaji ukakazwa. Baraza la madiwani, ambamo chama cha meya hakikuwa na wingi wa viti, liliyapitisha mabadiliko makubwa ya kodi hizo.

Na yote haya yalifanyika wakati fedha yenyewe inayeyuka mikononi. Mwaka 1989 bei za Brazili zilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,000. Kodi iliyokadiriwa mwanzoni mwa mwaka na kulipwa katikati yake ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kati ya 1989 na 1994 nchi ilibadilisha sarafu mara nne: cruzado novo, kisha cruzeiro, kisha cruzeiro real, mwisho real yenyewe. Nawaheshimu sana wahasibu wa Porto Alegre wa miaka ile. Walilazimika kuilinda kila ada dhidi ya mfumuko wa bei ili ifike kwenye hazina ikiwa bado inanunua saruji. Matokeo yake yalionekana mapema: kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 zaidi ya asilimia 10 ya bajeti ilikuwa inapatikana kwa ajili ya kujenga. Sasa palikuwa na kitu cha kugawana, na watu wakarudi mikutanoni kwa maelfu.

Hapo ndipo utaratibu uliojulikana duniani kote ulipojengeka, na ulijengwa kidogokidogo, kwa mabishano, mwaka baada ya mwaka. Mzunguko ulianza Machi na Aprili. Katika kila eneo ulifanyika mkutano mkubwa, meya akiwepo mwenyewe pamoja na wakuu wa idara zake. Ajenda ya kwanza haikuwa mahitaji mapya. Ilikuwa hesabu ya mwaka uliopita: kazi zipi zilizoahidiwa zimekamilika, zipi zimekwama, na kwa nini. Mkuu wa idara alisimama mbele ya watu wa eneo lile na kujibu. Baada ya hapo walichaguliwa wajumbe wa eneo, idadi yao ikitegemea idadi ya waliohudhuria, kwa miaka mingi mjumbe mmoja kwa kila watu kumi. Chama cha wakazi kilichotaka wajumbe wengi kilipaswa kuleta watu wengi.

Kisha ikafuata mikutano midogo, mtaa kwa mtaa, ambako kazi yenyewe ya kuchagua ilifanyika. Watu walipanga vipaumbele: barabara kwanza au maji taka kwanza, kisha barabara ipi. Juni na Julai ukafanyika mkutano mkubwa wa pili, na kila eneo likachagua wawakilishi wawili pamoja na wasaidizi wao wawili kuingia kwenye Baraza la Bajeti la mji mzima. Wawakilishi hawa hawakulipwa. Muda wao ulikuwa mwaka mmoja, wangeweza kuchaguliwa tena mara moja tu, na wajumbe wa eneo lao walikuwa na uwezo wa kuwaondoa. Mtu mwenye cheo cha kuchaguliwa serikalini hakuruhusiwa kuwa mmoja wao. Baraza hilo lilikaa na watu wa idara ya mipango wiki baada ya wiki, hadi rasimu ya bajeti ikapelekwa kwa madiwani mwishoni mwa Septemba. Madiwani walikuwa na hadi mwisho wa Novemba kuipitisha.

Kwa mtu wa fani yangu, utamu wa jambo lote uko kwenye namna walivyogawana. Maeneo 16, fedha hazitoshi, kila eneo lina haki. Ungegawa sawasawa? Eneo lenye watu wengi lingelalamika. Ungegawa kwa idadi ya watu? Mitaa ya kati yenye lami na maji tayari ingepata zaidi kuliko Restinga. Walijaribu vigezo vingi mwanzoni, kikiwemo cha kiasi gani wakazi wa eneo walikuwa wamejitokeza, na kingine cha umuhimu wa eneo kwa maendeleo ya mji. Vyote viwili viliondolewa. Vikabaki vitatu: upungufu wa huduma inayohusika katika eneo, idadi ya wakazi, na kipaumbele ambacho wakazi wenyewe wamekipa huduma hiyo. Kila kigezo kilikuwa na alama na kila alama ilizidishwa kwa uzito wake, upungufu na kipaumbele vikipewa uzito mkubwa kuliko wingi wa watu. Eneo lenye mitaa mingi ya udongo, ambalo limeiweka lami kuwa kipaumbele cha kwanza, lilipata alama za juu kabisa katika vigezo viwili vizito hata kama lina watu wachache. Jumla ya alama za maeneo yote ikachukuliwa, na kila eneo likapata sehemu yake ya kilomita za lami za mwaka ule kulingana na alama zake.

Ni hesabu ya kuzidisha na kujumlisha tu. Mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Ndiyo maana naiona kuwa kazi ya watu wenye akili kubwa: mama wa Lomba do Pinheiro aliweza kukaa na kalamu, akakokotoa mwenyewe eneo lake linastahili nini, na kumkamata mtu wa idara aliyekosea au aliyejaribu kuteleza. Na kwa kuwa kanuni zilijadiliwa na kurekebishwa kila mwaka na Baraza la Bajeti lenyewe, aliyeona uzito wa kigezo fulani unaliumiza eneo lake alikuwa na mahali pa kupeleka hoja. Wahandisi nao walilazimika kutoka kwenye lugha yao. Kama mtaa hauwezi kuwekewa lami kabla ya mfereji wa maji ya mvua kuchimbwa, mhandisi alipaswa kueleza kwa maneno ambayo watu wa mkutano wangeyaelewa na kuyahoji, na mara nyingine vigezo vyake vya kitaalamu vilijadiliwa na kubadilishwa.

Mwaka 1994, chini ya meya Tarso Genro, iliongezwa mikutano ya namna nyingine, isiyofuata maeneo ila mada: usafiri, afya na ustawi wa jamii, elimu na utamaduni, uchumi na kodi, na mpangilio wa mji. Ilikuwa dawa ya tatizo halisi. Mkutano wa mtaa unaona mtaa. Njia kuu ya mabasi inayopita maeneo sita haina mtu wa kuidai katika hata mkutano mmoja wa eneo, na walimu, wafanyabiashara na vyama vya wafanyakazi walikuwa hawajapata kiti.

Nimefika kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mpango wa uwekezaji ulipokamilika, ulichapishwa kama kijitabu na kugawiwa. Ndani yake kazi ziliorodheshwa eneo kwa eneo, zikiwa na majina ya mitaa: barabara fulani, kutoka hapa hadi pale, itawekewa lami, shule fulani itaongezewa madarasa, mfereji fulani utajengwa. Hakikuwa na lugha ya dira na dhima. Mjumbe wa eneo alikiweka mfukoni na kuzunguka nacho. Mkandarasi alipofika na katapila, wakazi walikuwa tayari wanajua amekuja kufanya nini. Alipochelewa, walikwenda ofisini na ukurasa wakiwa wameufungua. Na Machi ilipofika, meya na wakuu wa idara waliposimama kutoa hesabu, ukumbi mzima ulikuwa na kijitabu kilekile mikononi.

Matokeo yake yameandikwa sana, nami nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1989 maji ya bomba yalifika kwenye takriban asilimia 80 ya nyumba, mwaka 1996 yalifika asilimia 98. Mtandao wa maji taka uliokuwa ukihudumia chini ya nusu ya wakazi, takriban asilimia 46, ukafika asilimia 85 katika kipindi hichohicho. Kila mwaka takriban kilomita 25 hadi 30 za barabara za mitaa ya pembezoni ziliwekewa lami. Katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi uliofanyika Istanbul mwaka 1996, Porto Alegre ilitajwa miongoni mwa mifano bora ya uongozi wa miji. Mwaka 2001 Jukwaa la Jamii la Dunia lilifanyika huko kwa mara ya kwanza, na maelfu ya wageni kutoka kila bara wakaja kujionea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya watu 25,000 walikuwa wanahudhuria mikutano mikubwa ya mwaka, wengi wao wakiwa wa kipato cha chini, na wanawake wakiwa karibu nusu au zaidi.

Kulikuwa na upungufu, na sioni sababu ya kuufunika. Fukara kabisa, asiye na chama cha wakazi wala nauli, alifika kwa shida. Matengenezo ya kilichojengwa hayakuwa na mtetezi kama mradi mpya ulivyokuwa naye. Wananchi walijadili bajeti nzima kwa kanuni, lakini mishahara na gharama za kuendesha mji zilikuwa zimeshajipanga zenyewe, na kilichoamuliwa hasa ni ile sehemu ya ujenzi. Tena utaratibu wote haukuwahi kuwa sheria. Hilo walilichagua kwa makusudi, wakihofia kwamba sheria ingeugandisha na kuwanyima wakazi nafasi ya kurekebisha kanuni zao kila mwaka. Hoja yao naielewa, ila kama mtumishi wa umma naona walijenga nyumba nzuri juu ya kiwanja kisicho na hati.

Hati ilihitajika mwaka 2004. Baada ya miaka 16 na chaguzi nne mfululizo, Chama cha Wafanyakazi kilishindwa. José Fogaça, aliyekiangusha, alikuwa ameahidi kwenye kampeni kwamba bajeti ya wananchi itaendelea, na kwa maana moja alitimiza. Mikutano iliendelea kuitishwa. Wajumbe waliendelea kuchaguliwa. Kura zilipigwa, Baraza la Bajeti likakaa. Lakini fedha zilizotengwa kwa ajili ya maamuzi ya mikutano zilipungua, maamuzi mengine makubwa yakafanyiwa kwingine, na kazi zilizopigiwa kura zikaanza kubaki kwenye vitabu. Mwaka uliofuata zikabebwa, na ule mwingine tena. Wakuu wa idara wakaanza kutuma wawakilishi badala ya kuja wenyewe kutoa hesabu. Mwaka 2017, chini ya meya Nelson Marchezan Júnior, mikutano yenyewe ilisimamishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba mji hauna fedha.

Kwa hiyo Porto Alegre imetuachia kipimo ambacho hakuna mtafiti angeweza kukitengeneza: mji uleule, mikutano ileile, kanuni zilezile kwenye karatasi, lakini kipindi kimoja palikuwa na fedha na hesabu ya wazi, na kipindi kingine havikuwapo. Kipindi cha kwanza kilijenga. Cha pili kilikutana.

Katikati ya miaka hiyo utaratibu ule ulisafiri. Wafadhili na benki za maendeleo, mashirika, vyuo vikuu, wote waliubeba, na ukafika katika mamia na baadaye maelfu ya miji. Barani Afrika mmoja wa miji ya mwanzo kuujaribu kwa dhati ulikuwa Dondo, mji mdogo wa Msumbiji karibu na Beira, ambao ulikuwa na faida ya kusoma Kireno moja kwa moja. Kilichosafiri kwa urahisi zaidi kilikuwa mkutano. Mkutano ni rahisi kuufadhili, unapigwa picha, una orodha ya mahudhurio. Mageuzi ya kodi ya majengo hayapandi ndege.

Hapa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulianza utaratibu wa kupanga mipango kuanzia ngazi ya chini uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Niliufanya kwa moyo wote, na bado nauheshimu. Tulikaa na wananchi kwa siku kadhaa kwenye uwanja wa shule au chini ya mwembe, tukachora ramani ya mtaa ardhini, tukapanga vikwazo, wanawake wakakaa pembeni kwanza ili sauti zao zisimezwe, vijana nao hivyohivyo. Mipango iliyotoka pale ilikuwa na akili kuliko mingi niliyowahi kuandika mezani. Mwenyekiti wa mtaa anasaini, inakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani anaipitisha, inafika kwetu. Halafu ukomo wa bajeti unashuka kutoka juu, na ndani ya ukomo huo kuna darasa moja na choo cha matundu manne kwa kata nzima.

Fedha za kwetu wenyewe nazo zilikuwa zinapungua upande mwingine. Kodi ya maendeleo ilifutwa nchi nzima mwaka 2003, na watu waliifurahia, kwa sababu ilivyokuwa ikikusanywa iliwadhalilisha. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ile kodi ambayo Porto Alegre iliitengeneza upya ili wakazi wawe na cha kugawana, halmashauri zetu ziliacha kuikusanya. Sheria zetu zinamtaka mwenyekiti wa mtaa awasomee wananchi mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu, na wapo wanaofanya hivyo kwa uaminifu mkubwa. Lakini daftari linalosomwa ni la mtaa, lenye ada za barua za utambulisho na michango ya ulinzi. Orodha ya kazi za manispaa, yenye jina la mtaa wako na thamani ya mkataba, mwananchi haipati mkononi.

Jirani zetu wa Makueni, nchini Kenya, walifika karibu zaidi. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti na kuzitaka ziwashirikishe wananchi katika mambo ya fedha, na serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 chini ya gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilijenga ngazi za mikutano kuanzia vijiji vyake vilivyozidi 3,000, ikapanda hadi makundi 377 ya vijiji, kisha wadi ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo sita, na juu kabisa kaunti yenyewe. Haikuwa safari laini. Gavana na wawakilishi wa wadi waligombana juu ya bajeti hadi risasi zikafyatuliwa kwenye majengo ya bunge la kaunti mwezi Septemba 2014, wananchi wakakusanya saini za kutaka kaunti ivunjwe, tume ikaundwa kuchunguza, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Ugomvi ule ulihusu nani hasa ana neno la mwisho juu ya fedha, swali lilelile la UAMPA mwaka 1986.

Kilichonivutia Makueni si ngazi zake sita. Ni kamati za miradi. Wananchi wa mahali mradi unapojengwa huchagua kamati yao, na kamati hupewa taarifa za mradi: gharama, vipimo, muda. Ukuta ukijengwa kwa mchanga mbaya, kamati ina karatasi ya kuonyesha kilichokubaliwa. Kazi ikikamilika, kabla malipo hayajatoka ofisini mjini Wote, makao makuu ya kaunti, wanakamati wanapaswa kuikagua na kuitilia saini. Mkandarasi anayetaka fedha zake huanza kwa kuwatafuta wao.